Kusanidi kadi ya faiba kwa mstari wa amri: mwanga kwanza, anwani baadaye

Huku Nyanda za Juu Kusini, faiba kati ya jengo na jengo si anasa. Kuanzia Novemba hadi Aprili radi za Mbeya hazina mchezo, na kebo ya shaba iliyovutwa kutoka jengo la utawala hadi maabara huweza kuupeleka umeme wa radi moja kwa moja kwenye swichi na seva. Faiba ni uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga, haipitishi umeme, isipokuwa ile yenye deraya ya chuma, ambayo lazima chuma chake kiunganishwe na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini). Kwa sababu hiyo nimejikuta kazi zangu nyingi, kutoka Uyole hadi Iringa, zikiwa za kuunganisha seva za Linux kwa faiba, na nimeona kwamba fundi aliyezoea shaba huanza na anwani ya IP: ping (amri ya kujaribu kama kompyuta nyingine inafikika) isipojibu, anaifuta anwani, anaiandika upya, kisha anabadilisha ruta. Ushauri wangu ni kwamba usiandike amri yoyote ya anwani kabla hujasoma hali ya mwanga.

Niseme kwanza juu ya maelezo ya zamani, kwa kuwa bado yanazunguka kwenye kompyuta za mafundi. Ukikutana na amri kama `ifconfig tr0`, hiyo ni ya token ring, mtandao wa IBM uliosanifishwa kama IEEE 802.5, ambao kompyuta zilipokezana tokeni na iliyokuwa nayo ndiyo iliyoruhusiwa kutuma, kwa kasi ya megabiti 4 au 16 kwa sekunde. FDDI, mtandao mwingine wa zamani, iliuchukua utaratibu huo wa tokeni na kuupitisha kwenye pete mbili za faiba kwa megabiti 100. Linux iliondoa token ring katika toleo la 3.5 la mwaka 2012, hivyo usipoteze mchana ukitafuta draiva yake. Siku hizi faiba ya majengo yetu inatumia Etheneti, na zana zake kuu ni mbili tu: `ip` na `ethtool`.

Anza na `ip -br link` ili upate jina halisi la kadi, tuseme `enp3s0f0`, kisha uiwashe kwa `ip link set enp3s0f0 up` hata kama bado hujui anwani utakayoipa. Hatua hii wengi wanairuka. Kadi nyingi huzima leza yake pale mfumo unapoiweka chini, kwa hiyo mwenzako aliye upande wa pili atakupigia simu kusema, “Fundi, huku hakuna mwanga kabisa,” ilhali kebo ni nzima na tatizo ni kwamba wewe hujaiwasha kadi. Ikishawashwa, `ip link show enp3s0f0` ikiendelea kuonyesha `NO-CARRIER`, ujue mwanga wa kutosha haufiki au pande mbili hazijaelewana, na hakuna anwani itakayoponya hilo.

Sasa andika `ethtool -m enp3s0f0`. Moduli ya SFP, kile kipande kinachochomekwa kwenye kadi kutuma na kupokea mwanga, ikiwa na uwezo wa kujipima, amri hii itakupa urefu wa wimbi la leza, jotoridi, nguvu ya mwanga unaotoka na nguvu ya unaoingia, na hapo ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Nguvu hupimwa kwa dBm: sifuri ni miliwati moja, na kila unaposhuka kwa 3 mwanga umepungua nusu. Ukisoma -40 kwenye mwanga unaoingia, hesabu kwamba ni giza.

Katika hospitali moja mkoani Iringa, upande wa kwanza ulikuwa unatuma -6 na upande wa pili unapokea -23, wakati umbali haukufika hata kilomita moja. Faiba ya singo modi (ya njia moja nyembamba ya mwanga, kwa masafa marefu), kwa wimbi la nanomita 1310, hupoteza takribani dB 0.35 kwa kilomita, hivyo upotevu wa 17 hauwezi kuwa wa umbali. Tulipofungua kabati la swichi tukakuta mlango wake umeibana pachi kodi (kebo fupi ya kuunganisha vifaa) ikakunjika karibu na konekta. Tulipoilegeza na kuisafisha konekta kwa kitambaa maalumu kisichoacha nyuzi, namba ilipanda hadi -7 tukiwa tumesimama palepale, na hatukugusa usanidi wowote. Upepo wa Iringa wakati wa kiangazi hubeba vumbi la kutosha kuchafua konekta iliyoachwa bila kifuniko, kwa hiyo vifuniko vile vya plastiki msivitupe. Na tafadhali, usichungulie ndani ya konekta kuona kama mwanga upo: mwanga huo hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyaumiza.

Amri hiyohiyo hufichua moduli zisizopatana. Ya nanomita 850 ni ya malti modi (faiba ya njia pana, kwa masafa mafupi), haitafanya kazi ya kuaminika na ya 1310 iliyo upande wa pili. Zile zinazotumia uzi mmoja wa faiba huuzwa kwa jozi: moja inatuma 1310 na kupokea 1490 au 1550, nyingine kinyume chake. Ukinunua mbili zinazofanana kabisa, hazitaonana kamwe.

Mwanga ukiwa mzuri na bado kiungo kimekufa, angalia makubaliano ya kasi kwa `ethtool enp3s0f0`. Kwenye faiba ya gigabiti moja, upande mmoja ukiwa na majadiliano ya kujiendesha (autoneg, yaani vifaa kupatana kasi vyenyewe) na mwingine umezimiwa, aliyezima ataona kiungo kipo na mwenzake ataona hakipo, na hapo mabishano ya simu hayaishi. Pande zote ziwashe kwa `ethtool -s enp3s0f0 autoneg on`, au zote zizime.

Anwani yenyewe ni kazi ndogo: `ip addr add 192.168.10.2/24 dev enp3s0f0`, kisha `ip route add default via 192.168.10.1`. Mabadiliko haya hupotea kompyuta ikizimwa, na mimi napenda hivyo wakati wa majaribio, kwa kuwa ukijifungia nje, mtu aliye karibu na seva anaiwasha upya na unarudi ulipokuwa. Jaribu pia ukubwa wa pakiti kwa `ping -M do -s 1472 192.168.10.1`, ukiongeza baiti 28 za vichwa unapata 1500 kamili. Ikigoma wakati ping ya kawaida inapita, kuna kifaa njiani chenye MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ndogo.

Yote yakijibu, yahamishie kwenye faili la usanidi. Kwa Ubuntu ya seva, ambayo husanidi mtandao kwa zana iitwayo netplan, tumia `netplan try` badala ya `netplan apply`, hasa ukiwa Mbeya na seva iko Tunduma: isipopata uthibitisho wako ndani ya sekunde 120, hurudisha usanidi wa awali yenyewe.