Ida Tarbell hakudai kura ya wanawake, ifute hiyo aya

Futa aya ya tatu kabla hujaituma. Umeuliza kama muhtasari wako wa maisha ya Ida Tarbell, mwandishi wa habari wa Marekani, umekaa sawa. Nimesoma hadi pale unaposema alikuwa mstari wa mbele kudai wanawake wapewe haki ya kupiga kura, moyo ukanipiga paa. Sentensi hiyohiyo niliwahi kuiandika mimi.

Nilikuwa naandaa kipindi cha redio cha Siku ya Wanawake. Mhariri wangu akaniambia: "Mwanamke, Mmarekani, mwandishi wa miaka ile, kura lazima aliipigania. Unatafuta nini tena?" Nikamwamini kwa kuwa alikuwa mkubwa kazini. Kipindi kikarushwa. Jioni ileile mwalimu mmoja wa historia akapiga simu, akauliza kama tumewahi kukifungua kitabu cha Tarbell cha 1912, The Business of Being a Woman. Humo anashikilia kwamba kazi kuu ya mwanamke iko nyumbani na katika malezi. Na kura aliipinga waziwazi, mwanamke ambaye hakuolewa na aliyeishi kwa kalamu yake! Inauma, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulirekodi upya, gharama za studio nikalipa mimi, na mhariri yuleyule akatangaza mbele ya wenzangu kwamba utafiti ulikuwa wangu. Sijamsamehe.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Tarbell mwenyewe hakufanya kazi hivyo. Baba yake alitengeneza matangi ya mbao ya mafuta huko Pennsylvania, na mwaka 1872 Tarbell aliona wachimbaji wadogo wa mafuta wakibanwa na mpango wa siri kati ya kampuni za reli na wasafishaji wakubwa, akiwemo Rockefeller, mkuu wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil. Angeweza kuandika kwa hasira tu. Badala yake alifukua hati za mahakama na ripoti za uchunguzi wa serikali, akamhoji mara nyingi Henry Rogers, kigogo wa Standard Oil yenyewe, ndipo mfululizo wake wa makala kuhusu kampuni hiyo ukaanza kutoka katika jarida la McClure's Novemba 1902. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru kampuni hiyo ivunjwe.

Sehemu ya uhariri wake, alipohamia jarida la American Magazine mwaka 1906 pamoja na waandishi wenzake Steffens na Baker, umeiandika vizuri. Lakini usimsifu kwa jambo ambalo hujalisoma kwake mwenyewe. Tafuta kumbukumbu zake za 1939, All in the Day's Work, usome, kisha niletee aya mpya ya tatu niipitie kabla hujamkabidhi mtu yeyote.