Uliza Tukujibu: Droni zimejaa, lori bado lina kazi gani vitani?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni dereva wa semi, napiga Dar–Tunduma mwaka wa 11 huu. Kijana wangu kila siku ananionesha klipu za Ukraine, ananiambia baba vita ya siku hizi ni droni tu, mambo ya malori yalishapitwa. Mi naona haiwezekani, sasa hao wenye droni betri na msosi wanapelekewa na nani? Nipeni cha kumjibu. (Dereva, Mbeya)

JIBU: Kaka, uko sahihi kabisa, na kijana mwambie aanze na mzinga mmoja tu. Kombora la mzinga wa milimita 155 lina kilo kama 45, yaani pungufu kidogo ya mfuko wa saruji, na hapo baruti ya kulisukuma hujaihesabu, hiyo inakuja peke yake. Mzinga ukipiga makombora 100 kwa siku hizo ni tani nne na nusu, mizinga sita ni tani 27, na tani 27 wewe unazijua, ni semi yako imejaa, kila siku, Jumapili hakuna. Halafu semi yenyewe haifiki kule mbele kwenye matope, lazima ushushe upakie kwenye malori madogo ya tani tano au sita, na jeshi la Urusi kwa sehemu kubwa limekuwa likipakia masanduku ya mbao kwa mikono, kwa hiyo hesabu na masaa yanayoishia kwenye kupakia na kushusha.

Unakumbuka ule msafara wa Warusi kaskazini ya Kyiv, mwisho wa Februari 2022? Picha za setilaiti zilionesha foleni ya kama kilomita 64. Weka Ubungo kichwani, hiyo foleni inapita Mlandizi. Warusi jeshi lao linaishi kwa reli, treni ndiyo inabeba mzigo mkubwa, ila miji yenye reli kama Chernihiv na Sumy haikuanguka, kwa hiyo kila kitu kikabaki kwenye lami, na ukitoka nje ya lami barafu inayeyuka gari linazama mpaka ekseli. Waukraine nao wakabomoa bwawa maji yakajaa bonde la mto Irpin, huku vikundi vidogo vinavizia magari ya mafuta. Kifaru kisicho na dizeli ni chuma kimelala barabarani. Kufika mwanzoni mwa Aprili walikuwa wameshaondoka upande wote ule.

Ila mi linaloniuma kichwa zaidi ni lililofuata, na hili dereva ndiye atalielewa haraka kuliko jenerali. Katikati ya 2022 Ukraine ikapata roketi za HIMARS za Marekani zinazofika kama kilomita 80, wakaanza kuchoma mabohari ya risasi na kutoboa daraja la Antonivka la kuvuka mto Dnipro pale Kherson, mji wa kusini mwa Ukraine ulioshikwa na Warusi. Warusi wakarudisha mabohari nyuma. Sasa we fikiria, lori lilikuwa linapiga tripu tatu kwa siku, bohari ikisogezwa nyuma linapiga moja, lori ni lile lile na dereva ni yule yule ila mzigo unaofika umebaki theluthi moja! Novemba mwaka ule ule wakaiacha Kherson, jeshi la ng'ambo ile ya mto lilikuwa halilishiki tena.

Na droni? Hazijaondoa lori, zimefanya kilomita 15, 20 za mwisho ziwe za kifo. Kuna za kuongozwa kwa waya mwembamba kama uzi wa nailoni, hizo hazitumii mawimbi ya redio, kwa hiyo huwezi kuzikatia mawasiliano. Barabara sasa zinafunikwa kwa nyavu juu na pembeni, nyingine ni nyavu za uvuvi zilizotoka kwa wavuvi wa Ufaransa na Denmark, unaendesha ndani yake kama handaki. Mwisho wa barabara maji na betri vinabebwa na viroboti vya magurudumu, au mgongoni kwa mtu anayetembea usiku. Kwa hiyo mwambie kijana, kila droni anayoiona kwenye simu ilifika pale kwa kubebwa, na mara nyingi yenyewe inamtafuta dereva.

SWALI: Je, vita ya Kagera sisi mizigo tulifikishaje? (Mwanafunzi, Bukoba)

JIBU: Kwa taabu, mdogo wangu. Kutoka Dar mpaka Mwanza kwa reli ni kama kilomita 1,200, halafu meli mpaka hapo kwenu Bukoba, halafu barabara ya kwenda Kyaka, na daraja la Kyaka majeshi ya Idi Amin wa Uganda waliliripua mwanzoni mwa Novemba 1978. Jeshi likalazimika kujenga daraja la muda ndo likavuka. Magari hayakutosha, serikali ikachukua malori na mabasi ya raia, hata hivyo askari wengi walitembea kwa miguu hadi Masaka na Kampala, iliyoanguka Aprili 1979. Ndiyo maana nawaza sana wale madereva raia, mtu juzi alikuwa anabeba pamba leo anabeba makombora. Kama babu yako au jirani aliendesha njia ile, kaa naye umuulize alilala wapi, alipakia nini, kisha tuandikie tuichape hapa.