Jembe Liache Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, maana si kawaida yako kumuuliza mama yako mambo ya udongo. Unasema theluji imeyeyuka, jua limeanza kuonekana, jembe umeshanunua. Je, Jumamosi uanze kulima kile kipande nyuma ya nyumba? Kwa kweli siwezi kukujibu nikiwa huku. Udongo wenyewe ndio utakaokujibu.

Chimba kidogo, kina cha kiganja, uchote konzi moja uifinye. Halafu lisukume lile donge kwa kidole gumba. Likimomonyoka, lima. Likibaki limeshikamana, linang'aa na lina alama za vidole vyako, rudi ndani ukapumzike. Udongo uliolowa ukiukanyaga na kuupindua, nafasi za hewa ndani yake zinazibwa, na ukija kukauka ni tofali. Mimi mwaka wangu wa kwanza sikuwa na subira. Nililima tope, na msimu mzima nikawa napasua mabonge kwa nyundo, karoti zikatoka fupi zimejipinda. Baba yako mpaka leo akitaka kunicheka huanzia hapo.

Ukiwa unasubiri, kazi unayo: kuliangalia jua. Toka asubuhi, toka mchana, toka alasiri, kila mara uchomeke kijiti pale kivuli kinapoishia. Nyanya, hoho na matango yanataka jua la moja kwa moja kwa saa 6 hadi 8 kwa siku. Mboga za majani huridhika na saa 4 hivi. Lakini kivuli cha wakati huu kinadanganya, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ule mti wa jirani uliousema sasa hivi ni matawi matupu, jua linapenya, utaona chini yake ndipo mahali penyewe. Ukishavaa majani utapalilia gizani. Ukuta wa nyumba nao ni kinyume: jua bado linapita chini, kivuli chake ni kirefu, ila kitazidi kufupika kadiri jua linavyopanda. Basi mti uuhesabu na majani ambayo bado hayajaota, na ukuta upunguzie kidogo.

Ukishapata mahali, pima matuta mawili tu. Upana usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga ndani; urefu mita 3 unatosha. Nakujua, utataka kiwanja chote. Hata ulipokuwa mdogo ulikuwa unajipakulia mlima wa chakula halafu unaniangalia mimi. Magugu hayana huruma hiyo.

Juu ya tuta tandaza mboji iliyoiva, unene wa sentimita 3 hadi 5, uichanganye juujuu kwa reki. Samadi mbichi usiitie wakati huu: inaweza kuunguza mizizi, na ina vijidudu ambavyo hutaki vifike kwenye saladi yako.

Sasa tarehe. Waulize majirani wanaolima, au idara ya hali ya hewa, sakitu ya mwisho huanguka lini kwa kawaida hapo ulipo. Sakitu ni ile baridi ya usiku inayogandisha umande mpaka majani yanakuwa meupe. Usiku mmoja tu unaweza kumaliza nyanya zako zote. Iandike siku hiyo ukutani, kisha uhesabu kurudi nyuma. Hoho zisie kwenye trei ndani ya nyumba wiki 8 hadi 10 kabla yake, nyanya wiki 6 hadi 8. Ukisia mapema kupita hapo, miche itarefuka kama uzi dirishani ikitafuta mwanga, na itakusikitisha. Njegere, spinachi na figili hazina deko. Zipande nje moja kwa moja, hata wiki 4 kabla ya tarehe hiyo, mradi udongo unalimika. Njegere huota hata udongo ukiwa na nyuzi 5 za Selisiasi, ila polepole. Maharage na matango ni tabia nyingine kabisa: chini ya nyuzi 15 mbegu zinalala tu na kuoza. Na hiyo ni joto la udongo, si la hewa. Kipimajoto kizamishe asubuhi, sentimita 10 hivi.

Zile mbegu za zamani ulizozikuta kabatini usizitupe bado. Funga 10 kwenye kitambaa chenye unyevu, weka mahali pa joto, uchungulie kwa siku kama 10. Zikiota 7, panda kwa kuzidisha kidogo. Zikiota 3, kanunue nyingine. Za nyanya hukaa miaka minne na zaidi. Za vitunguu, kama zimepita miaka miwili, sina tumaini nazo.

Miche tutaizungumza ikishaota, maana kuna siku zake 7 hadi 10 za kuizoeza nje kidogo kidogo kabla hujaihamishia kwenye tuta. Usinirukie huko. Jumamosi finya udongo, unipigie uniambie donge limefanya nini. Nisalimie mkeo, na huyo mdogo mpe kazi ya vijiti, ataipenda.

Mama yako