Chai ya Mufindi na waliosahaulika

Wengi mnasema chai ya Mufindi, mkoani Iringa, ilianzishwa na Waingereza. Hapana ndugu, hawakuianza wao. Ni walowezi wa Kijerumani waliorudi Tanganyika miaka ya 1920, baada ya kufukuzwa kufuatia Vita Kuu ya Kwanza. Vita vya pili vilipoanza 1939 mashamba yao yakachukuliwa kama mali ya adui, na makampuni ya Kiingereza yakaingia. Kwenye tumbaku ya Iringa kulikuwa na Wagiriki, madukani Wahindi.

Ila mbona mnawasahau Wakinga, kabila la Makete? Walishuka kutoka milima ya kwao wakaenda kuchuma chai Mufindi, wengine kuchimba dhahabu ya Lupa kule Chunya miaka ya 1930. Kibarua kikazaa mtaji, mtaji ukazaa duka. Leo nenda soko la Mwanjelwa kule Mbeya au mji wa Makambako, uulize duka la jumla ni la nani! Watani wao watakwambia ni ndumba (waache waseme). Ninachokiona mimi ni kwamba aliyetangulia humchukua kijana wa nyumbani, humfundisha kazi dukani, kisha humfungulia lake.

Tukirudi kwenye chai, Tukuyu ni habari nyingine: huko wilayani Rungwe wakulima wadogo wana mashamba yao ya chai wenyewe.