Yale maji ya kahawia kabla ya lami

SWALI: Habari za kazi injinia. Mtaani kwetu hapa Morogoro waliongeza lami mpya juu ya ile ya zamani, haijamaliza hata mwaka pale stendi ya daladala imeshaanza kusogea na kubanduka mapande. Siku wanamwaga nilikuwepo, niliwaona wanapuliza maji ya kahawia mepesi tu, yaani siyo lami kabisa. Si tulipigwa hapo?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kwa hayo maji hamjapigwa, ile ni emalsheni, lami iliyochanganywa na maji, na saiti wanaita takikoti. Ile aina inayoitwa K1-60 kwa mfano karibu asilimia 60 ni lami yenyewe iliyobaki ni maji. Ikipulizwa inakuwa kahawia afu maji yakijitenga inageuka nyeusi, hapo ndo wamwage lami ya moto, wakiwahi ikiwa bado kahawia maji yanabaki katikati.

Kazi yake ni kushikisha tu. Chukua mbao mbili zilizobebana bila gundi uzikanyage katikati, kila moja inapinda kivyake. Na lami ndo hivyohivyo, tabaka mbili za unene sawa zikiachana ugumu wa kupinda haubaki nusu, unabaki robo! Stendi ndo panaumia kwanza maana daladala zinafunga breki na kukata kona hapohapo, tabaka la juu linasukumwa, unaona nyufa zenye umbo la hilali halafu linabanduka.

Mi namshuku vumbi. Barabara ya zamani isipofagiliwa na kupulizwa upepo wa kompresa, gundi inashika vumbi badala ya lami. Kingine malori ya lami yakipita juu yake kabla haijakauka matairi yanaondoka nayo, inabaki mistari miwili mitupu. Na wala msidhani kumwaga nyingi ndo dawa, ikizidi tabaka la juu linateleza.

Okota pande moja uligeuze. Chini kukiwa laini na kuna vumbi, halikushika kabisa, ila likiwa limeng'oka na vipande vya lami ya zamani basi tatizo liko kwingine. Wakija kuziba wasipachike tu juu, wakate eneo lote lililoachana, wasafishe, wapake hadi kingo za pembeni. Wakibisha waombeni wachoronge sampuli ya duara pale ambapo bado pazima, ikitoka vipande viwili vimeachana safi kwenye muungano hawana la kujitetea.