Ndege wa Ufukweni Huhesabiwa kwa Saa za Maji

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, msimamizi wa klabu ya mazingira. Mwaka jana tuliwapeleka wanafunzi Hifadhi ya Taifa ya Saadani kuandika kumbukumbu za ndege na wanyama wa ufukweni. Vikundi viwili vilisimama mahali pamoja siku moja: cha asubuhi kiliandika ndege 30, cha alasiri zaidi ya 400. Kipi kilikosea?

JIBU: Mwalimu, huenda hakuna kilichokosea. Sisi tuliokulia mlimani hupanga kazi kwa jua, lakini ndege wa ufukweni hufuata maji. Maji yakipwa, vitwitwi, yaani ndege wadogo wa ufukweni, hutawanyika kwenye matope wakidona minyoo na kaa wadogo, mbali na macho yenu. Yakijaa, hukosa pa kulia na kukusanyika kwenye kipande kikavu kilichosalia, na hapo ndipo huhesabika vizuri. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne. Kama safari yenu iliangukia siku hizo, jibu lenu ni hilo.

Kwa hiyo kila ukurasa wa daftari uanze na tarehe, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, hali ya maji na idadi ya watazamaji. Bila hayo 30 na 400 haziwezi kulinganishwa. Yangeyange na shakwe nao waandikwe, hata kama wanaonekana kila siku, maana kupungua kwao hakutajulikana pasipo hesabu ya leo. Kitwitwi asiyetambulika aandikwe hivyo hivyo. Huniuma sana kuona mwanafunzi amelazimishwa kubuni jina, ilhali wengi wa ndege hao, wanaotujia kutoka kaskazini ya dunia kati ya Septemba na Aprili, huwa na manyoya ya kijivu yanayowatatiza hata wazoefu.

Kuhusu kasa wanaotaga Madete, ufukwe ulio ndani ya hifadhi hiyo, andikeni nyayo zao asubuhi, msiwamulike usiku, na mahali pa kiota mwambieni askari wa hifadhi tu. Msipasambaze kwenye simu.

Kabla ya safari ijayo, wapelekeni wanafunzi Bwawa la Nyumba ya Mungu wakazoee kuhesabu kundi kwa makumi.