Naenda ukweni Moroni, nijue nini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nimeolewa na Mngazija, na Desemba tunakwenda kwao kwa mara ya kwanza. Nielekeze. – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Visiwa vya Komoro ni vitatu: Ngazija, Nzuani na Mwali. Cha nne, Mayotte, kilibaki na Ufaransa wenzake walipopata uhuru Julai 6, 1975. Moroni, mji mkuu, uko Ngazija chini ya mlima Karthala, mita 2,361, volkano iliyo hai, ndiyo maana ufukweni utakanyaga mawe meusi kama mkaa. Treni hakuna. Mjini mnapanda teksi za kuchangia. Kisiwa hadi kisiwa, boti au ndege ndogo.

Jambo kubwa ni anda, ndoa kuu, yaani sherehe kubwa ya harusi ya kimila. Mwanamume asiyeifanya hahesabiwi mtu mzima barazani, hata awe na shahada. Anda hula dhahabu, ng'ombe na akiba ya miaka. Mimi naona inawaelemea vijana, ila usiyaseme hayo ukweni.

Lugha isikutishe, ni ndugu ya Kiswahili: maji wao huita madji. Na mawifi wakikuketisha wakupake msindzano, tulia. Ni msandali uliosagwa kwa maji juu ya jiwe la matumbawe. Unapoa usoni, unanukia hadi jioni.